Mbege Mahali Inapopikwa: Mwongozo Kamili wa Vilabu vya Moshi na Marangu

Mgeni akifika Moshi na kuulizia pombe ya mlimani, wengi watampeleka baa ya mjini na kumwekea mezani chupa baridi ya Kilimanjaro. Bia hiyo haina ubaya, hasa ukiwa umetoka kwenye jua la stendi. Ila chupa hiyo hiyo utaikuta Mtwara, utaikuta Mwanza, na ladha yake ni ile ile. Pombe ya mlima wenyewe iko juu, kwenye migomba, inapikwa na mama mmoja kwenye pipa moja, na baada ya siku mbili haipo tena. Hiyo ndiyo mbege. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuinywa ikiwa katika ubora wake, kwa mpishi wake.

Kosa nililolifanya mimi miaka ya mwanzo ni kupanga safari kwa ramani. Nilichagua kijiji, nikachukua wageni wangu, nikapanda nao Jumanne mchana. Tukakuta mabenchi matupu na pipa lililooshwa likianikwa juani. Mama alituhurumia, akatukatia ndizi za kuiva tukala, akasema, "Mwanangu, ungeuliza kwanza." Tangu siku hiyo nauliza pipa kwanza, halafu ndipo napanga njia.

Hatua ya kwanza: ielewe mbege kabla ya kuifuata

Ukijua inavyopikwa, utajua lini uende, uulize nini, na kwa nini ya leo si sawa na ya jana. Kazi huanza zaidi ya wiki moja kabla ya wewe kushika kata, kile kibuyu cha kunywea.

Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikaachwa ziive hadi ziwe laini na tamu. Humenywa na kuchemshwa kwenye chungu kikubwa au pipa kwa saa nyingi, mpaka rangi igeuke kuwa ya kahawia yenye wekundu. Kisha hufunikwa na kuachwa zichache kwa siku kadhaa. Ndizi hizo zilizochacha huitwa nyalu. Hapa ndipo mbege inapoachana na rubisi ya Bukoba: kule ndizi mbivu hukamuliwa mbichi pamoja na nyasi, juisi ikachanganywa na mtama. Mlimani ndizi hupikwa kwanza. Ladha ile ya sukari iliyoungua kidogo, ambayo mnywaji mpya huikuta nyuma ya ulimi, imetoka kwenye moto huo.

Pembeni kuna kazi ya pili, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayomtenganisha mpishi hodari na wa kawaida. Ulezi huloweshwa, huachwa uote, hukaushwa juani na kusagwa. Hicho ni kimea, kama cha shayiri kwenye bia ya kiwandani; nafaka ikiota huzalisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Unga wake hupikwa uji mzito, ukapozwa, na huo ndio mso. Humo hutiwa msesewe, yaani magamba ya mti wa Rauvolfia caffra yaliyokaushwa na kutwangwa. Msesewe ni mchungu kama kwinini, na uchungu huo unafanya kazi inayofanywa na hopsi kwenye bia za Ulaya: unakata utamu wa ndizi ili mtu aweze kunywa kata ya pili bila kukinai. Ukizidi, pombe haimezeki. Ukipungua, unakunywa uji mtamu. Hakuna mizani jikoni. Kuna mkono wa mama na kumbukumbu ya ulimi wake.

Siku ya mwisho nyalu huchanganywa na maji, ikachujwa, ikaunganishwa na mso. Mchanganyiko hulala usiku mmoja hivi. Asubuhi ukisogeza sikio karibu na pipa unausikia ukichemka wenyewe bila moto.

Kinachochemka humo kina historia kubwa. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Lindner alieleza aina ya hamira iliyotokana na pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina Schizosaccharomyces pombe, kwa neno letu lile lile. Leo hamira hiyo iko kwenye maabara duniani kote, na Paul Nurse aliitumia kuchunguza jinsi chembe hai zinavyogawanyika, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2001. Huwa nawasimulia wazee wa kilabuni habari hii, na huwa wanataka niirudie.

Hatua ya pili: chagua pa kulala

Una chaguo mbili. Moshi mjini, takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, ina usafiri wa kila upande, nyumba za wageni za kila bei, na joto. Marangu iko juu zaidi, kuna baridi ya jioni, na vilabu vingi unaweza kuvifikia kwa miguu. Ukiwa na siku moja tu, lala mjini. Ukiwa na siku mbili au tatu, lala Marangu walau usiku mmoja, kwa sababu rahisi: ukinywa mbege jioni huna haja ya kufikiria kushuka.

Hatua ya tatu: tafuta pipa la siku hiyo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Mbege ya siku ya kwanza ni tamu, nyepesi, na povu bado liko hai. Siku ya pili utamu unapungua, ukali na uchachu vinapanda. Wanywaji wazoefu wengi huipenda hapo. Siku ya tatu inaelekea kwenye siki. Kwa hiyo swali lako lisiwe "kilabu kiko wapi?" bali "pipa la nani limeiva leo?"

Muulize mwenye nyumba ya wageni, muulize kijana wa bodaboda, muulize anayekuuzia parachichi. Bodaboda ndio wenye habari sahihi zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaobeba ndizi kwenda na wanywaji kurudi. Ukishapata jina la mama mmoja, omba namba yake ya simu, mpigie mwenyewe, na umuulize imechanganywa lini. Akijibu "jana jioni", nenda leo mchana. Akijibu "kesho", usimsumbue leo, ila mwombe umwone akichanganya. Wapishi wengi wataona fahari, na utajifunza ndani ya saa moja kuliko nilivyoweza kuandika hapa.

Wikendi na siku za gulio ndizo zenye mapipa mengi. Katikati ya wiki huwa ni bahati. Sherehe nazo hubadilisha kila kitu: harusi, kipaimara au ubatizo ukiwa karibu, mapishi ya kijiji kizima huelekea huko na kilabu kinaweza kubaki kikavu. Usikate tamaa, ukiwa na mwenyeji anaweza kukuombea mwaliko.

Na kuna Desemba. Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi hurudi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, kwa Krismasi, barabara ya kutoka Chalinze hujaa magari, na mlima mzima hunuka ndizi zinazochemka. Kuanzia tarehe 20 hivi hadi mwaka mpya hutakosa mbege. Utakosa vyumba na viti vya basi, kwa hiyo vikate mapema sana.

Hatua ya nne: njia za kupita

Marangu ndiyo nayoipendekeza kwa anayeanza. Kutoka stendi ya Moshi chukua Noah au Hiace ya Marangu. Inapita Himo, inaacha barabara ya Taveta, inaanza kupanda, na baada ya kilomita 40 hivi kutoka mjini unashuka Marangu Mtoni, kwenye daraja na soko. Fika saa nne asubuhi. Tembelea maporomoko ya Kinukamori au Ndoro kwanza, halafu mahandaki ambayo Wachaga walichimba kujificha wakati wa vita na uporaji wa mifugo. Ukifika saa nane mchana utakuwa na kiu ya halali. Vilabu vimetawanyika kwenye njia za pembeni kuelekea juu, na kwa Mamba na Kilema upande wa pili. Vingi havina kibao. Ni banda la mbao au uwanja chini ya migomba, mabenchi, na sauti za watu. Fuata sauti.

Walioshuka mlimani wana faida. Njia ya Marangu inaanzia na kuishia kwenye lango la hifadhi lililo karibu mita 1,900, na kutoka hapo hadi Mtoni ni mteremko mtupu. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, wanajua ni wapi pameiva siku hiyo. Ukiwa umetembea nao siku tano, waombe wakupeleke, na uwanunulie wewe. Ila iwe baada ya kushuka. Kabla ya kupanda usiguse pombe: mwili unaoelekea kilele cha Kibo unahitaji maji na usingizi, na mbege inakunyima vyote viwili.

Njia ya pili ni Uru, hadi Materuni, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Wengi huja kwa ajili ya maporomoko yake ya karibu mita 80 na kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele yako kwa nyimbo. Waongozaji wa kijiji wamezoea wageni, na ukiwaambia mapema watakutafutia mbege kwa jirani. Inafaa kwa familia, kwa sababu asiyekunywa ana kahawa na ana maji ya kuogelea, ingawa ni ya baridi kali.

Old Moshi naipenda kwa mazungumzo. Unapanda kutoka Kiborloni kuelekea Kidia, eneo la Mangi Meli, yaani chifu Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na ambaye fuvu lake bado linatafutwa na wajukuu zake. Keti na wazee wa hapo kwa utulivu. Habari hizi hazisimuliwi kwa haraka, na kata inayozunguka ndiyo inayozipa muda. Usitoe simu kurekodi bila kuomba.

Kibosho na Machame zina mbege nzuri vilevile, lakini bila mwenyeji utapoteza nusu siku ukitafuta. Nenda ukiwa na mtu.

Hatua ya tano: kuingia, kuketi, kunywa

Ingia na salamu. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, kuanzia aliye mkubwa kuliko wote, hata kama amekaa kona ya mbali. "Shimbonyi" itafungua nyuso za watu wa Marangu na majirani zao, na "aika" ndiyo asante. Usikae mahali popote palipo wazi. Subiri uonyeshwe, kwa sababu baadhi ya viti vina wenyewe tangu zamani.

Agiza kwa chombo. Nyumba nyingine hupima kwa lita au jagi, nyingine kwa kata, yaani kibuyu kilichokatwa chenye mpini. Uliza bei ya kipimo kabla ya kumiminiwa, lipa kwa noti ndogo, na usibishane kwa kiasi cha senti na mtu aliyekesha akichochea.

Mpishi au anayekukaribisha ataonja kwanza mbele yako. Ni desturi ya tangu zamani, maana yake ni kwamba kinywaji hakina dhara na amekipa baraka zake. Usimkatishe. Ukikaa na wazee, kata moja huzunguka. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, piga funda lako, mrudishie aliyekupa au mpe anayeonyeshwa. Kama hupendi kushiriki chombo, sema tangu mwanzo kwa upole na uombe kikombe chako, hakuna atakayekasirika. Kinachoudhi ni kuifuta kata kwa kitambaa mbele ya watu.

Juu ya mbege huelea chembe za ulezi. Zipulize kidogo zisogee pembeni, kunywa, kisha tikisa kata taratibu ili mso usizame. Anayekunywa ya juu tu anakunywa nusu ya kazi ya mama.

Mzee akimwaga tone chini kabla ya kunywa, nyamaza. Anawakumbuka waliolala kwenye kihamba hicho. Mbege ilikuwa, na kwa familia nyingi bado ni, kinywaji cha mahari, cha kupatanisha, cha kufungua kikao cha ukoo. Aliyekosea alipeleka jani la mmea wa isale kuomba msamaha, na pombe ikafuata. Kwa hiyo unapokaribishwa bure kwenye sherehe, umepewa zaidi ya kinywaji. Siku nyingine rudi na sukari au sabuni kwa mama wa nyumba hiyo.

Hatua ya sita: kuitambua iliyo nzuri

Tazama kwanza. Rangi iwe ya kahawia, nzito kiasi, na vipovu vidogo vikipanda. Ikiwa imetulia kabisa, imelala muda mrefu. Nusa: utapata ndizi mbivu, mkate, na uchachu kidogo kama wa togwa. Harufu ya siki kali au ya rangi ya kucha ni dalili ya kuaga na kwenda kwingine.

Kisha onja kwa mpangilio huu. Utamu hufika wa kwanza, uchachu unafuata pembeni mwa ulimi, na uchungu wa msesewe unakuja mwisho, baada ya kumeza. Ukivisikia vyote vitatu na kimoja hakimfukuzi mwenzake, umemfikia mpishi hodari, mwambie hivyo. Wapishi hawa ni wanawake kwa sehemu kubwa, wamesomesha watoto kwa mapipa haya, na mara nyingi sifa huishia kwa pombe bila kumfikia mwenyewe.

Hatua ya saba: chakula

Usinywe ukiwa na njaa. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi mchare na nyama, ni msingi mzuri wa mchana. Machalari, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama, yanashibisha zaidi. Kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hupatikana anapochinjwa mnyama na si kila mtu atakiweza. Onja kidogo ukiweza. Karibu na vilabu vingi kuna anayechoma nyama. Uchungu wa mbege na mafuta ya mbuzi vinapendana sana.

Jioni ukirudi mjini, baa za Moshi zipo za kutosha, na nyama choma yake ni nzuri. Serengeti Breweries ina kiwanda hapa hapa Moshi, kwa hiyo chupa haijasafiri mbali. Anayetaka ndizi ndani ya chupa anaweza kuulizia mvinyo wa ndizi unaotengenezwa Arusha. Ni kinywaji kingine kabisa, kikavu zaidi na kikali zaidi. Zaidi ya hapo baa ni baa, utajiongoza mwenyewe.

Hatua ya nane: usalama, na hapa sitalainisha maneno

Kwa kawaida kilevi cha mbege kiko karibu na cha bia ya chupa au chini yake, lakini haina lebo, na ya siku ya pili humkamata mtu akiwa bado anasema ni uji. Kata mbili, maji, kisha subiri.

Ukikaribishwa kitu cheupe kama maji kwenye chupa ndogo, kataa. Hiyo ni gongo, pombe ya moshi, ambayo haina uhusiano na jina la mji. Imekatazwa kisheria, na ikitengenezwa vibaya inaweza kubeba methanoli inayopofusha na kuua. Hakuna heshima unayomvunjia mtu kwa kuikataa.

Uliza maji ya kuchanganyia yametoka wapi na kama yamechemshwa. Mpishi mzuri hatachukizwa, na wengi hujibu kabla hujamaliza swali. Anayetumia dawa za presha azungumze na daktari wake kabla ya safari: msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, miti ileile ambayo ndugu yake wa India ndiye aliyetoa dawa ya reserpine ya kushusha presha. Mwenye kisukari akumbuke kuwa mbege changa ina sukari nyingi. Mjamzito na mtoto wasinywe. Waombe togwa au maziwa.

Bodaboda aliyekunywa nawe asikurudishe. Mlipe kwa kukuleta, kisha mwite mwingine, au shuka kabla giza halijaingia ukutane na Noah za mwisho. Barabara hizi zina kona na mifereji pande zote mbili, na nimehudhuria mazishi ya kijana aliyedhani anaijua kila kona.

Hatua ya tisa: ukitaka kubeba

Mwambie mama asubuhi, asikusubirishe jioni pipa likiwa chini. Leta chombo chako, kidumu kisafi chenye mdomo mpana kinafaa kuliko chupa ya soda. Usikijaze, acha robo iwe tupu. Kifuniko usikikaze, kifunge kwa kulegeza ili hewa itoke, kwa sababu mbege inaendelea kuchemka njiani na kidumu kilichokazwa kinaweza kupasuka ndani ya basi. Kisimamishe katikati ya miguu yako, mbali na jua la dirishani. Kutoka Marangu hadi Dar es Salaam asubuhi hadi usiku itafika ikiwa imekolea, mahali pazuri kabisa pa kuinywa na jamaa wa mlimani waliokosa nauli ya kupanda mwaka huo. Wapigie kabla hujafika Kibaha.